Barua ya wazi kwa wanaoamua kompyuta za umma: si kweli kwamba soko limeamua

Kwa Makatibu Wakuu, Wakurugenzi wa Halmashauri, Wakuu wa Vitengo vya TEHAMA na Wakuu wa Vitengo vya Ununuzi katika taasisi za umma, Tanzania.

YAH: KULAZIMISHWA KUTUMIA MFUMO ENDESHI MMOJA KATIKA SHULE NA OFISI ZA UMMA

Waheshimiwa,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mwalimu wa TEHAMA katika shule ya sekondari ya serikali. Ni fundi wa maabara ya kompyuta pia, kwa kuwa shule haina mwingine. Suala ninalolileta hapa nimekwisha kuliandikia barua kwa kufuata ngazi, kuanzia kwa mkuu wangu wa shule kwenda juu. Jibu la maandishi lilikuwa kwamba barua imepokelewa na inafanyiwa kazi. Jibu la mdomo ndilo lililonifanya niandike hadharani. Niliambiwa: "Mwalimu, dunia nzima inatumia Windows. Hiyo Linux yako ingekuwa bora, si ingeshinda? Soko limeshaamua."

Kauli hiyo nimeisikia kwa watu wengi na ndiyo ninayotaka kuijibu, kwa heshima zote. Imo nyuma ya zabuni zenu, imo nyuma ya mafaili mnayotutumia tujaze, na imo nyuma ya agizo nililopewa la kufuta Linux, mfumo endeshi (programu kuu inayoiendesha kompyuta) ulio huria na wa bure, kwenye mashine za maabara yetu zilizokuwa zinafanya kazi bila shida. Kauli hiyo si ya kweli, na wanaoumia kwa sababu yake ni wanafunzi.

Hoja zangu ni hizi.

1. Historia mnayoitolea ushahidi inasema kinyume.

Tarehe 12 Agosti 1981 IBM ilizindua kompyuta yake binafsi, na kompyuta nyingi tulizonazo mezani leo zimetokana na ukoo huo. Wakati ule mfumo endeshi ulioheshimika kwenye kompyuta ndogo ulikuwa CP/M wa Gary Kildall na kampuni yake, Digital Research. Microsoft haikuwa na mfumo endeshi wa kuiuzia IBM. Ilichukua mfumo ulioandikwa na Tim Paterson wa Seattle Computer Products, na Julai 1981 ikalipa dola 50,000 kuumiliki moja kwa moja. CP/M-86 ilipokuja kufika sokoni kwa ajili ya mashine ya IBM, mteja alikuta PC DOS, yaani mfumo huo wa Microsoft ukiuzwa na IBM, inauzwa dola 40 na CP/M-86 inauzwa dola 240. Mteja akachukua ya dola 40. Simlaumu, hata mimi ningefanya hivyo. Ila tusiseme kwamba siku ile alikaa akapima ubora.

Digital Research hawakukata tamaa. Mwaka 1990 walitoa DR-DOS toleo la 5, ambalo lilisimamia memori vizuri kuliko MS-DOS (mfumo uleule ukiuzwa na Microsoft kwa watengenezaji wengine) ya wakati ule, na mafundi walilipenda. Kilicholizuia hakikuwa udhaifu wake. Microsoft ilikuwa na mikataba na watengenezaji wa kompyuta iliyowataka walipie MS-DOS kwa kila mashine waliyouza yenye prosesa ya aina fulani, hata kama ndani ya mashine hiyo waliweka mfumo mwingine. Fikirieni mtengenezaji aliyefungwa na mkataba huo: akiweka DR-DOS analipa mara mbili. Ataiweka ya nini? Wizara ya Sheria ya Marekani iliichunguza mikataba hiyo, na Julai 1994 Microsoft ikakubali kuiacha. Kufikia hapo miaka ya kuamua ilikuwa imekwisha kupita.

Kuna jingine ambalo walimu wenzangu wengi hawalijui. Katika toleo la majaribio la Windows 3.1, Microsoft iliweka kipande cha msimbo kilichofichwa ambacho kilikagua kama chini yake kuna MS-DOS halisi. Kikikuta mfumo wa mwingine kinatoa ujumbe wa hitilafu. Hapakuwa na hitilafu yoyote. Katika toleo lililouzwa kipande hicho kiliachwa ndani ila kikazimwa. Kampuni ya Caldera, iliyokuja kuirithi DR-DOS, ilifungua kesi mwaka 1996, na Microsoft ikamaliza shauri hilo nje ya mahakama mwaka 2000 kwa dola milioni 280.

Naomba mnivumilie kidogo kwenye mfumo endeshi mwingine, OS/2, kwa sababu waliokuwa nyuma yake hawakuwa vijana wasio na mtaji. Ilikuwa IBM yenyewe. IBM na Microsoft walianza kuitengeneza pamoja, na toleo la kwanza likatoka Desemba 1987. Windows 3.0 ilipotoka Mei 1990 na kununuliwa kwa kasi, Microsoft ikahamishia nguvu zake huko na ushirika ukavunjika. IBM ikaendelea peke yake, na mwaka 1992 ikatoa OS/2 2.0. Aliyetumia mifumo yote miwili aliiona tofauti mapema. Kwenye Windows 3.1 programu moja ikigoma, mara nyingi mashine nzima ilisimama, kwa kuwa kila programu ilitegemewa iachie prosesa kwa hiari yake ili nyingine zipate zamu. OS/2 iligawa zamu yenyewe na iliitenga memori ya kila programu. Iliyogoma ilifungwa, nyingine zikaendelea na kazi. Mabenki yaliiamini kiasi cha kuiweka kwenye mashine za ATM, na huko ilidumu miaka mingi baada ya kutoweka mezani kwa watu.

OS/2 iliweza pia kuendesha programu za Windows. Kila mtu alidhani hiyo ni nguvu yake, kumbe ndiyo iliyoimaliza. Mtengenezaji wa programu alijiuliza: kama niliyoiandikia Windows inafanya kazi kote kuwili, niandike ya OS/2 kwa faida gani? Hakuandika.

Mwisho wa 1994 IBM ilitoa OS/2 Warp na kumwaga makumi ya mamilioni ya dola ili kuwavuta watengenezaji wa programu. Haikufaa. Na IBM, iliyokuwa pia ikiuza kompyuta, ilihitaji leseni ya Windows 95 kwa ajili ya wateja wake. Katika matokeo ya uchunguzi aliyoyatoa Novemba 1999, kwenye kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Microsoft, Jaji Thomas Penfield Jackson alieleza kwamba IBM ilicheleweshewa leseni hiyo kwa sababu haikukubali kuacha bidhaa zake shindani. Iliipata dakika 15 kabla ya kuanza kwa sherehe ya uzinduzi, tarehe 24 Agosti 1995. Kampuni iliyoianzisha biashara yote hii iliwekwa mlangoni ikisubiri.

BeOS, mfumo endeshi wa kampuni ya Be, nitaitaja kwa ufupi. Iliongozwa na Jean-Louis Gassée, iliwaka kwa haraka, na ilicheza video na muziki kadhaa kwa pamoja bila kukwama kwenye mashine za kawaida za wakati huo. Ilipofika 1999 kampuni ya Be ilikuwa tayari kuwapa watengenezaji wa kompyuta mfumo huo bure, mradi mteja auone anapowasha mashine. Hitachi iliuweka kwenye kompyuta zake, lakini mteja akiwasha hakuonyeshwa chaguo hilo. Ilimbidi afuate maelekezo ya ziada ili aufikie. Be ilisema masharti ya leseni ya Windows ndiyo yaliyowafunga mikono watengenezaji. Mwaka 2001 mali zake ziliuzwa kwa Palm kwa dola milioni 11, na mwaka 2003 Microsoft ikailipa dola milioni 23.25 kumaliza kesi bila kukiri kosa.

Sisemi kwamba Windows ni takataka na kila kilichoshindwa kilikuwa dhahabu. OS/2 ilitaka memori nyingi wakati memori ikiwa ghali, na IBM haikujua kuzungumza na mnunuzi wa nyumbani. BeOS ilikosa draiva (programu ndogo za kuviendesha vifaa) za vifaa vingi. Microsoft kwa upande wake ilijitahidi sana kuhakikisha programu za zamani zinafanya kazi kwenye matoleo mapya, na kazi hiyo ni kubwa, naiheshimu. Lakini mwaka 2001 mahakama ya rufaa ya Marekani, ambayo ilifuta amri ya kuigawanya kampuni hiyo vipande viwili, ilikubali pamoja na hayo kwamba ililinda ukiritimba wake kwa njia zinazovunja sheria. Hilo ndilo soko mnaloniambia limeamua.

2. Ngome ya Windows imejengwa kwa programu na mafaili, na matofali mengine mnayaweka ninyi.

Jaji Jackson alieleza jambo hili vizuri kuliko mhandisi yeyote niliyemsoma. Watu hununua mfumo wenye programu nyingi, na watengenezaji huandika programu za mfumo wenye watu wengi. Anayetangulia huzidi kutangulia, awe bora au asiwe. Alitaja kwamba Windows ilikuwa na programu zaidi ya 70,000, ilhali OS/2 ilipofika kileleni ilikuwa na takriban 2,500 na asilimia 10 ya soko. Asilimia 10, ikiwa na IBM nyuma yake, bado haikutosha kuwavuta waandishi wa programu.

Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, na reli ya zamani ya Kati ina milimita 1,000. Ndiyo sababu pakawepo kituo cha kuhamishia mizigo Kidatu. Mwenye mzigo haulizi reli ipi imejengwa vizuri zaidi. Anauliza ipi itamfikisha bila kushusha na kupakia upya. Muundo wa faili ni upana wa reli, na anayeamua upana huo kwa shule zote za umma ni ofisi inayotutumia mafaili.

Nitoe mfano ninaoujua kwa mikono yangu. Huwa tunaletewa faili la Excel la kujaza taarifa za wanafunzi. Limefungwa kwa nenosiri, lina vitufe vyenye makro (programu ndogo zilizowekwa ndani ya faili), na lina orodha za kuchagua zinazojijaza kutegemea ulichochagua mwanzo. Ukilifungua kwenye LibreOffice, programu huria ya ofisi, vitufe havibonyezeki, orodha zinabaki tupu, na faili linakataa kupokelewa likirudi kwenu. Niliomba tupewe jedwali la kawaida, au fomu ya kujaza kwenye kivinjari. Nikaelekezwa nitafute kompyuta yenye Excel. Kompyuta hiyo niliipata kwenye stesheneri ya mjini, kwenye mashine inayotumiwa na kila apitaye. Majina ya watoto, tarehe zao za kuzaliwa na namba za simu za wazazi wao vikapita huko, kwa sababu ya kitufe kimoja. Walioandaa faili lile nadhani hawakukusudia kumnufaisha mtu yeyote, walitumia walichokizoea. Lakini kila shule iliyopokea faili hilo ililazimika kuwa na Windows na Office, za halali au za wizi.

3. Tunafundisha bidhaa badala ya ujuzi.

Tembeleeni chuo chochote cha kompyuta mtaani, someni bango la mlangoni: MS Word, MS Excel, MS PowerPoint, MS Publisher, intaneti. Hata shuleni mwanafunzi anakariri kwamba kitufe fulani kiko kwenye kichupo cha Home. Akikutana na toleo jipya la programu ileile anaanza upya. Aliyeelewa jedwali ni nini, fomula inafanya nini na faili linahifadhiwa wapi hasumbuliwi na kuhama kwa kitufe.

Hapa kuna jambo linaloniuma kama Mtanzania. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux uliofanywa kwa ushirikiano na Wasweden, kilitoa Jambo OpenOffice: programu kamili ya ofisi, kwa Kiswahili, bure. Wataalamu wetu wenyewe walikaa wakatafuta maneno ya menyu, moja moja. Mwanafunzi wa shule ya kata angeweza kuandika barua yake ya kwanza kwenye kompyuta kwa lugha anayoiota. Sijawahi kuikuta kwenye kompyuta ya ofisi yoyote ya umma niliyoingia. Haikushindwa kwa ubora. Haikuagizwa, haikufundishwa, hakuna aliyeambiwa aitumie.

4. Tarehe 14 Oktoba 2025 imepita, na maabara zetu zimeachwa wazi.

Siku hiyo Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha 8 na kuendelea. Maabara yangu ina Core i5 za kizazi cha 4, zilizoletwa zikiwa zimetumika nje, kama ilivyo kwa kompyuta nyingi za shule na zile zinazouzwa Kariakoo. Ni mashine nzima. Skrini hazina doa, diski tumeshazibadilisha, memori imeongezwa. Ukiziuliza kama zinapokea Windows 11 zinakujibu kwamba haziwezi. Kuna masasisho ya ziada kwa taasisi zinazoyalipia, yenye kikomo cha mwaka 2028. Hayo yanasogeza tatizo mbele tu, na sijaona shule yenye kifungu cha kuyalipia.

Kwa idhini ya mkuu wa shule niliweka Linux kwenye sehemu ya mashine hizo. Zikawa zinawaka haraka kuliko awali. Wanafunzi walizizoea mapema mno, maana mtoto anayeshika simu ya Android tayari anatumia mfumo uliojengwa juu ya kiini cha Linux. Kubwa zaidi lilikuwa flashi. Walimu wote mnaonisoma mnakijua kile kirusi kinachoficha mafolda ya flashi na kuweka njia za mkato mahali pake. Mtoto anakuja analia kwamba kazi yake imepotea. Kwenye mashine za Linux kirusi hicho hakiwaki. Tulikuwa tunaichomeka flashi pale, tunakiona, tunakifuta, na kazi ya mtoto inarudi. Mashine za Linux zikawa ndizo zinazotibu za Windows.

Kisha akaja mgeni kutoka ofisi ya juu, akauliza kwa nini maabara ina "mifumo miwili", na baada ya muda likaja agizo la kurudisha Windows kote. Hakuna aliyesema Linux imeharibu nini. Nilitii, kwa sababu ni mtumishi wa umma. Nilipouliza leseni za Windows hiyo zitatoka wapi, nikaambiwa nimtafute fundi wa kupiga Windows.

5. Windows ya wizi inaonekana ya bure kwa sababu gharama yake haiandikwi popote.

Sote tunajua namna fundi wa mtaani anavyopiga Windows: anazima antivirusi kwanza, kisha anaendesha programu ya kuvunja leseni asiyojua imetoka kwa nani. Kompyuta inayotunza alama za mtihani inaanza maisha yake kwa kufunguliwa mlango na mtu asiyejulikana. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea kwenye mashine za Windows ambazo hazikusasishwa na kikasimamisha huduma katika hospitali nyingi za Uingereza. Tulilisikia hilo redioni, na mashine za aina hiyohiyo zikabaki mezani kwetu.

Waheshimiwa, majibu mtakayonipa nayafahamu, kwa kuwa nimekwisha kuyapata.

Mtasema hata jiji la Munich nchini Ujerumani lilijaribu Linux likarudi. Ni kweli. Jiji liliamua mwaka 2003, kufikia 2013 lilikuwa na kompyuta takriban 15,000 za Linux, na Novemba 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Lakini wakati mfano huo unatajwa, Kikosi cha Gendarmerie cha Ufaransa, ambacho kilianza kuhamia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, mwaka 2008, kina kompyuta zaidi ya 70,000 zinazoutumia, na ni kikosi cha ulinzi chenye siri kuliko shule yangu. Jimbo la Kerala, kusini mwa India, limefundisha TEHAMA kwa programu huria katika shule zake za serikali kwa miaka mingi, na watoto wake wanapata kazi kama wengine. Mwaka 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani hiyohiyo, lilitangaza kuhamishia LibreOffice kompyuta zipatazo 30,000. Munich inafundisha kwamba uamuzi wa aina hii unahitaji viongozi wanaousimamia hata uchaguzi ukipita.

Mtasema hapa Afrika haiwezekani. Mwaka 2007 kampuni ya Mandriva ya Ufaransa ilipata agizo la kuweka Linux kwenye kompyuta ndogo 17,000 za shule za Nigeria. Baada ya makubaliano, ikaelezwa kwamba zitalipiwa Linux kama kawaida, kisha iondolewe na kuwekwa Windows XP. Mkuu wa Mandriva, François Bancilhon, alimwandikia barua ya wazi mkuu wa Microsoft, Steve Ballmer, akimuuliza amewafanya nini watu hao hata wakabadili mawazo. Kama Linux haikuwa na uwezo wa kuhudumia shule za Afrika, nani angehangaika kuiondoa kwenye mashine ambayo imekwisha kulipiwa?

Mtasema watumishi hawaijui na mafundi hawapo. Mafundi huwepo panapokuwa na kazi. Tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu zaidi duniani zinaendeshwa na Linux. Vijana wetu wa vyuo vikuu wanajifunza kuendesha seva za Linux, kisha wanaajiriwa kwenye ofisi ambazo hazina mashine moja ya mezani yenye mfumo huo. Na watumishi mliowahamisha kutoka makaratasi hadi ununuzi wa kimtandao na barua za kimtandao hawatashindwa na menyu iliyohama upande.

Mtasema Microsoft inatoa punguzo kwa shule. Lipokeeni kama linafaa. Mimi sipingi Windows iwepo, napinga iwe sharti. Kipo kifaa cha maabara ya sayansi au programu ya uhasibu inayoihitaji kweli, na hapo inunuliwe kwa leseni halali.

Baada ya hayo, ninachoomba ni hiki.

Kwanza, zabuni za kompyuta zieleze kazi inayotakiwa kufanyika. Misingi ya ununuzi wa umma inakataza kutaja jina la bidhaa pale ambapo sifa zinaweza kuelezwa, na inapolazimika yaongezwe maneno "au inayolingana nayo". Maneno hayo yaandikwe na yaheshimiwe. Mzabuni anayeleta kompyuta isiyo na Windows aruhusiwe kushindana, na bei ya leseni ionyeshwe kwenye mstari wake peke yake ili mlipakodi aione.

Pili, na kama mtanikubalia moja tu basi liwe hili: faili lolote ambalo ofisi ya umma inaitaka shule, zahanati au mwananchi alijaze liwe katika muundo ulio wazi. OpenDocument ni kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006, na Office yenyewe inaufungua. Au liwe fomu inayofunguka kwenye kivinjari chochote, hata cha simu. Makro zenye kufunga milango zikome. Hili halihitaji kununua kitu. Linahitaji waraka wa ukurasa mmoja.

Tatu, shule zenye mashine zisizopokea Windows 11 ziruhusiwe kwa maandishi kuweka Linux kabla ya mashine hizo kuondolewa kwenye orodha ya mali na kutupwa. Wakaguzi wapewe waraka huo, ili mwalimu mwingine asiamriwe kuharibu kinachofanya kazi.

Nne, mafunzo ya TEHAMA kwa walimu yawe na mifumo endeshi miwili, na mtihani wa vitendo upime kazi aliyoifanya mwanafunzi bila kujali programu aliyotumia.

Naomba nijibiwe kwa maandishi na hadharani: ombi lipi limekubaliwa, lipi limekataliwa na kwa sababu gani. Ofisa yeyote anakaribishwa katika maabara yetu siku ya kazi. Mashine moja nimeiacha na Linux kwa ajili ya kusafisha flashi, na mkuu wa shule anafahamu. Aje na mafaili ya ofisi yake tuyafungue pamoja, na yatakayogoma tuyaorodheshe.

Nawasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa TEHAMA,
Shule ya sekondari ya serikali.

Nakala: Wakuu wa shule za sekondari, walimu wa TEHAMA, kamati za wazazi.